Minazi Sitini kwa Jino Moja

Nakumbuka siku moja ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi, nikiwa nimelazwa chali kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Mombasa. Taa inaniwakia machoni, sindano ya ganzi imeshawekwa tayari kwenye sinia, na katika mfuko wa ndani wa kanzu yangu mna shilingi elfu thelathini ambazo hazikuwa zangu. Daktari aliniuliza swali moja tu. Jibu nililompa, mwanangu, sijamaliza kulijutia mpaka leo.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia nawe unataka kupandikizwa jino. Wanaokupa hongera ni wengi, na anayekuuliza umejipangaje sijamsikia. Basi nikuulize mimi, na kabla hujanijibu, nikwambie yaliyonifika.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa madrasa hapa hapa Gazi, na nilikuwa na sauti. Naweza kujisifu sasa kwa kuwa sauti yenyewe imeshaniaga. Wakati ule hapakusomwa Maulidi kuanzia Waa hadi Mkwiro ila Maalim Omari aitwe, na Maalim Omari akiitwa haji mpaka kanzu yake ipigwe pasi mara mbili. Nilikuwa na kiburi cha kimyakimya, ambacho ndicho kibaya zaidi, maana mwenye nacho hukiita heshima.

Siku moja nilikuwa nafua nazi kwenye kifuo, kile chuma kilichochimbiwa ardhini. Niliikandamiza nazi kwa nguvu zote, kumbi, lile ganda lake la nje, likaachia ghafla, nami nikaenda na uso wangu wote. Jino la mbele la juu likapasuka hadi kwenye mzizi. Hospitalini wakaling'oa lililosalia, na baadaye wakanitengenezea jino la kuvaa, lile la kipande cha plastiki unachokibandika kwenye kaakaa asubuhi na kukitia kwenye kikombe cha maji ukitaka kulala. Lilikuwa na bei nafuu, na kwa kula ugali na samaki lilitosha.

Kwa kusoma halikutosha. Zipo herufi za Kiarabu, thaa na dhali, ambazo ncha ya ulimi lazima iguse meno ya mbele ya juu. Kile kipande kilicheza, na sauti ikatoka na mluzi. Wanafunzi wangu waliinamisha vichwa kwenye vitabu ili wacheke, na mmoja siku moja aliurudia ule mluzi kwa uaminifu kabisa, akidhani ndiyo tajwidi, ule usomaji sahihi wa Kurani. Nilimchapa. Mungu anisamehe, mtoto hakuwa na kosa.

Nilikuwa na rafiki akiitwa Mutua, Mkamba aliyehamia Ukunda, akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Yeye ndiye aliyenipa habari.

"Maalim, wacha kuteseka na hiyo plastiki," alinambia. "Kuna mgeni wetu, mzee wa Kijerumani, ako na jino imefungwa kwa skrubu ndani ya mfupa. Anang'ata mahindi choma nayo, si mchezo! Na hapo Mombasa daktari yuko anaweka."

"Bei gani?"

"Hiyo sasa uliza mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusikiliza. Uliza mwenyewe. Lakini wewe unajua jinsi tulivyolelewa huku kwetu. Nilipokuwa mdogo nilivunjika mkono, na mama akanipeleka kwa mganga wa mivunjo. Alimpa kitu kidogo cha kufungulia mkoba, na mkono ulipounga akampelekea kuku wawili na leso na alichojaaliwa. Bei haikutajwa. Kwetu mganga hapatanishwi bei kama muuza samaki. Kufanya hivyo ni kumvunjia heshima, na wako wanaosema dawa yenyewe hukataa kufanya kazi. Mimi nikaichukua adabu ile ya mganga nikaenda nayo kwa daktari mwenye hati ya chuo na kodi ya chumba ya kulipa kila mwezi.

Daktari alinipiga picha ya taya, akaniangalia, akasema mfupa wangu ni mzuri. Akanieleza kwamba hatua ya kwanza ni kuichimbia skrubu ndani ya mfupa na kuufunika ufizi juu yake, kisha nisubiri miezi kama sita mfupa uikamate. Hatua hiyo ya kwanza, pamoja na picha, ni elfu thelathini.

"Una swali, mwalimu?"

"Sina, daktari. Mungu akuzidishie."

Mtu anakwambia *ya kwanza*, mwanangu, nawe huulizi habari ya pili! Nilidhani thelathini ndiyo kazi yenyewe, na kitakachofuata ni cha kushukuru, kama kuku wale wawili. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha ujinga wangu kwa adabu, na kila mtu akaniona nina adabu.

Elfu thelathini sikuwa nazo. Mama yangu alikuwa na minazi sitini aliyoachiwa na mama yake. Nazi zile ndizo zilizomlisha tangu baba alipofariki, na ndizo zilizonisomesha mimi. Nawe unajua huku mnazi huwekwa rehani kama pete: mtu anakupa pesa, anaangua nazi zako mpaka umlipe. Palikuwa na mnunuzi wa mbata, nazi kavu, pale Msambweni, nitamwita Bwana Swaleh kwa kuwa jina lake halisi halina faida kwako. Alikubali kutoa mia tano kwa kila mnazi, kwa miezi sita.

Mama alisita. "Tumngoje mjomba wako arudi kutoka Mkwiro," alisema. "Mali hii ni ya kikeni, ya upande wa mama zetu, baba. Haifai tuiguse yeye hayuko."

Nikamwambia daktari hangoji. Daktari hakuwa amesema hivyo.

Bwana Swaleh aliandika karatasi. Mama yangu alikuwa hajui kusoma herufi za kizungu, kwa hiyo karatasi nilimsomea mimi. Nilisoma vizuri, kwa sauti yangu ile ile. Idadi ya minazi, sawa. Kiasi cha pesa, sawa. Miezi sita, tangu mfungo mosi mpaka mfungo sita, sawa. Na mwishoni palikuwa na mstari mmoja zaidi: kwamba siku ile ikipita bila pesa kulipwa, minazi yote itakuwa mali ya mkopeshaji.

Mstari ule niliuruka.

Nilijiambia hauna maana, kwa sababu nitalipa. Nilikuwa nawafundisha Kiswahili wazungu kadhaa wenye nyumba Diani, nao walinilipa vizuri; kwa elfu tano kila mwezi deni lingeisha. Kwa nini nimtie mzee wasiwasi wa bure? Mama akachovya dole gumba kwenye wino, akaliweka pale nilipomwonyesha, akafuta mkono kwenye leso yake na kuniuliza kama jino litauma.

Skrubu ikaingia. Haikuuma sana, tusidanganyane. Kilichouma ni yaliyofuata. Haukupita muda mrefu mambo ya pwani yakaharibika, wageni wakaacha kuja, hoteli zikafunga milango, wanafunzi wangu wa Kiswahili wakarudi kwao. Mutua alirudishwa nyumbani bila mshahara. Mimi nikaanza kuhesabu siku. Niliuza baiskeli. Nikauza redio, nikauza mbuzi wangu wawili, nikaacha kula mchana nikisingizia kufunga sunna, na mama akanisifu kwa uchaji wangu. Nilikuwa naamka nikihesabu na nalala nikihesabu. Kila wakwezi wa Bwana Swaleh walipokuja kuangua, moyo ulinipiga kama naona mali inasombwa na maji.

Na kwa rehema za Mungu, zikiwa zimebaki siku mbili, pesa zikatimia. Elfu thelathini kamili. Siku hiyo hiyo ndiyo niliyopangiwa kurudi kwa daktari. Nikazitia kwenye mfuko wa kanzu, nia yangu nitoke kwa daktari, nivuke feri, niende moja kwa moja Msambweni kuikomboa minazi ya mama.

Sasa rudi nami kwenye kile kiti.

Daktari aligonga ufizi kidogo, akatabasamu. Mfupa umeikamata skrubu. Leo ataufungua ufizi, atachukua vipimo, na baada ya wiki mbili nitapata jino lenyewe.

"Malipo ya hatua ya pili umekuja nayo, mwalimu? Kipande cha kuunganishia pamoja na jino la juu, ni elfu ishirini na nane."

Nilihisi kiti kinazama. Nikamwambia sikujua.

"Karatasi ya bei yote ilikuwa hapa mezani," alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Nilikuuliza una swali, ukaniombea dua."

Kisha akanambia neno ambalo nataka ulisikie vizuri, kwa sababu ndilo linaloniondolea udhuru wote. "Kama huna leo, si neno. Skrubu iko chini ya ufizi, haidai kitu. Endelea kuvaa jino lako la plastiki, ukae mwezi, ukae hata mwaka, kisha uje. Hakuna litakaloharibika."

Njia ilikuwa wazi, mwanangu. Nilitakiwa kunyanyuka tu.

Lakini Maulidi ya Msambweni yalikuwa mwisho wa mwezi ule, na walikuwa wanakuja masharifu kutoka mbali, na mimi ndiye niliyepangwa kusoma mbele yao. Nikausikia ule mluzi masikioni. Nikajiambia Bwana Swaleh ni mtu wa safu ya mbele msikitini, hawezi kuninyima mwezi mmoja. Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe, hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema zamani. Siku hizi nasema ukweli: niliuingiza mimi. Nikahesabu elfu ishirini na nane, nikampa.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Jioni ile nilikuwa barazani kwa Bwana Swaleh na ufizi umevimba. Nilimsalimu kwa salamu ndefu, nikamweleza, nikamwomba mwezi. Aliniacha nimalize.

"Maalim, wewe ndiye uliyesoma ile karatasi," alinijibu. "Mimi sikukulazimisha kitu. Zimebaki siku mbili. Nitakungoja."

Siku mbili zile nilikwenda kwa kila mtu niliyemjua. Wenye pesa hawakuwa nazo, kwa sababu miaka ile hakuna aliyekuwa nazo. Mama hakujua lolote. Yeye alikuwa anajiandaa. Aliniambia amemwita mkwezi wake wa zamani aje asubuhi ya siku ya tatu, rehani ikiwa imeisha, aangue nazi za kwanza, na amempelekea mjomba habari aje ashuhudie. Alikuwa na furaha, alishona upya mkono wa kapu lake. Mara tatu nilifungua kinywa nimwambie, na mara tatu nikauliza habari nyingine.

Asubuhi ile nikawafuata shambani, miguu haitaki. Mjomba Hamisi alikuwa amewasili na mashua ya alfajiri, mtu mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Mkwezi akajifunga kamba miguuni akapanda mnazi wa kwanza. Alikuwa amefika katikati wakati watu wawili wa Bwana Swaleh walipoingia shambani.

"Shuka!" mmoja akamwita. "Mnazi huo una mwenyewe."

Mama akacheka, akidhani wamekosea hesabu ya siku. "Wanangu, rehani imekwisha jana. Mwanangu ameshalipa. Au sivyo, baba?"

Yule mtu akaifungua karatasi, akaisoma mbele ya mjomba, na safari hii ikasomwa yote. Mkwezi alikuwa bado kaning'inia pale juu, hajui apande au ashuke.

Mjomba hakuwatazama wale watu. Alinitazama mimi.

"Mstari huo mama yako alisomewa?"

Niliinamisha macho, na hilo likamtosha.

"Omari. Mtoto akiruka aya madrasani, wewe humfanyaje?"

"Namrudisha mwanzo, mjomba."

"Basi nambie ni nani leo atakayekurudisha wewe."

Nilitamani anipige. Angenipiga ningelia, na ningelia ningepata nafuu. Hakunigusa. Akamgeukia dada yake akasema karatasi hii haisimami, dini haikubali rehani imezwe namna hii, na hata kama ingekubali, mtu aliyetia dole kwa jambo asilosomewa hafungwi nalo. Waende kwa Kadhi siku hiyo hiyo. Minazi itarudi.

Nikaona tumaini, mwanangu. Kwa dakika ile moja nikaona tumaini.

Mama alimshika ndugu yake mkono, akamvuta kando, lakini sauti nilizisikia.

"Kwa Kadhi nitaulizwa nini, Hamisi?"

"Utaulizwa kama ulisomewa."

"Nami nitajibu sikusomewa. Na aliyenisomea ni nani? Mwalimu wa watoto wa mji mzima. Kesho nani atampa mwanawe amsomeshe? Nani atasimama nyuma yake kuswali?" "Minazi nimeachiwa na mama. Huyu nimemzaa mimi. Waache wachukue."

Kisha akamwita mkwezi ashuke, akamlipa ujira wake ingawa hakuangua hata kidaka, nazi changa, akachukua kapu lake tupu akaenda nyumbani. Njiani hakunilaumu. Siku ya pili yake alinipa sarafu, akanituma dukani nikamnunulie nazi moja ya mchuzi. Mama yangu, ambaye tangu azaliwe hakuwa amewahi kununua nazi.

Jino nililipata baada ya wiki mbili. Lilikuwa zuri, sina la kulitia kasoro, na mpaka leo natafuna nalo. Kwenye Maulidi ya Msambweni nilimwachia mwingine asome. Nimesomesha miaka mingi tangu hapo, wazazi wameniletea watoto, na watoto wa wale watoto, na watu huniita mwaminifu. Kila nikiitwa hivyo najua jina lile nimenunuliwa, na najua kwa minazi mingapi. Mama alifariki bila kulitaja tena jambo lile, hata kwa mzaha.

Sasa sikia nasaha yangu, na usinambie dunia imebadilika. Ukiona vyaelea, vimeundwa: jino la namna hii si kitu kimoja, ni vitu kadhaa vinavyolipiwa kwa nyakati mbalimbali. Kuna picha, kuna skrubu, kuna kipande cha kuunganishia, kuna jino la juu, kuna nauli za kwenda na kurudi, na pengine mfupa hautoshi ukahitaji kuongezwa, na hilo nalo lina bei yake. Kabla hujalala kwenye kile kiti, kaa kwenye kiti cha kawaida, umwambie daktari: niandikie yote mpaka siku nitakayotoka na jino kinywani. Muulize kila pesa inanunua nini, na kama kuna linaloweza kulipwa polepole. Muulize pia kama lipo jino jingine la bei ndogo litakalokufaa, maana si kila pengo linataka skrubu. Daktari mzuri hachukii kuulizwa, na adabu haikatazi. Ile ya kwangu ilikuwa woga tu, nimeuvisha kanzu.

Kama pesa za mwisho hazionekani, usianze mwanzo. Na kama umeshaanza na ukakwama, ngoja. Pengo halijamuua mtu. Kinachotuponza ni kutaka kuonekana hatuna pengo. Wala usilipie kinywa chako kwa kitu kinacholisha kinywa cha mwingine. Ukilazimika kumwomba mtu akudhamini, msomee karatasi yote, na mahali unapotamani kupaharakisha, hapo ndipo usome polepole zaidi.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie riziki ya halali, akupe ulimi wa kuuliza kabla na moyo wa kusubiri baada, akujaalie jino lako uliweke huku mama yako akijua bei yake yote. Na aliyekuzaa asije akalazimika, hata siku moja, kuchagua kati ya mali yake na jina lako. Amin.